MACHELA YA MAGURUDUMU NA WAJIBU WA MIKONO

Ajali itokeapo barabarani, mara nyingi askari hufika kabla ya mganga. Kwa sababu hiyo twaona kwamba yampasa kila askari, wa jeshi na wa polisi, kuijua machela kama aijuavyo bunduki yake.

Machela si kitu kigeni kwetu. Huko Ankole na Kigezi wanavijiji walijiunga katika vyama vya engozi, machela ya miti inayochukuliwa mabegani, wakapokezana njia nzima kumfikisha jirani kwa mganga. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wachukuzi wa Afrika Mashariki waliwabeba majeruhi kwa mikono vivyo hivyo. Huko Uingereza, katika karne ya 19, machela ilitiwa magurudumu, na mtu mmoja akaweza kusukuma mzigo uliotaka watu wawili au wanne.

Hata hivyo, gurudumu lina mipaka yake. Mgonjwa wa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, yumo katika mji ule ule wenye hospitali ya rufaa, ambako machela huteleza juu ya sakafu ya saruji. Mgonjwa wa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, aweza kuugua mbali na njia ya magari. Magurudumu madogo ya machela hukwama katika matope na mawe. Hapo hapana budi kumbeba hadi garini.

Hatari kubwa zaidi haimo katika mwendo, bali katika kupandisha na kushusha. Kwanza fungeni breki, ndipo mumhamishe mgonjwa. Anayedhaniwa kuumia uti wa mgongo asivutwe mikono na miguu. Ainuliwe na watu kadhaa kwa pamoja, kwa amri ya mmoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja. Fungeni mikanda hata safari iwe fupi. Penye mashimo teremsheni machela, kwani iliyoinuliwa juu hupinduka upesi. Kwenye tambarare na mteremko miguu hutangulia. Kwenye mlima, kichwa. Wala msiiache machela peke yake hata dakika moja.

Ndugu askari, gurudumu hupunguza uzito tu. Uangalifu haujapata gurudumu. Ungali mikononi mwenu.