Midoli ya betri: mzazi wa Kihonda ananunua nini?

Midoli mingi inayouzwa katika maduka ya Kihonda, Manispaa ya Morogoro, hutoka China, hupitia Kariakoo na kusafirishwa kilomita zipatazo 190 kutoka Dar es Salaam. Gharama za usafiri na faida ya kila mfanyabiashara huishia kwenye bei ya rejareja. Hivyo mzazi anayelipia roboti au kompyuta ya kuchezea, kwa kuwa boksi limeandikwa kuwa ni ya elimu, hana budi kujua anachonunua.

Bidhaa hizi ziko za aina mbili. Ya kwanza hufanya kazi yenyewe: mtoto hubonyeza kitufe, gari likaimba na kuwasha taa, naye akabaki mtazamaji. Ya pili haifanyi lolote mpaka mtoto afikiri. Humo mna matofali ya plastiki ya kuunganisha, sumaku, gia, taa ndogo yenye waya na betri, na roboti inayofuata hatua alizopanga mtoto mwenyewe. Aina hii ndiyo inayojenga msingi wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, kwa sababu mtoto hukisia, hujaribu, hukosea na kurekebisha.

Bei kubwa si kipimo. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, alitumia vipande vya mbao. Gari la waya lenye matairi ya kandambili, ambalo watoto hujiundia wenyewe, nalo lina ekseli, usukani na vipimo. Kinachoongeza thamani ni mtu mzima anayekaa karibu na kuuliza: limepinduka kwa nini, na tukiongeza mzigo itakuwaje?

Usalama nao uangaliwe. Betri ndogo bapa, kama zile za saa, zikimezwa huweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Kifuniko cha betri kiwe kimefungwa kwa skrubu, na mtoto aliyemeza betri akimbizwe hospitali mara moja.

Kwa mafundi seremala hapa pana nafasi ya biashara. Mabaki ya mbao yakikatwa kwa vipimo kamili na kupigwa msasa, pasipo rangi yenye madini ya risasi, huwa bidhaa. Tofali moja likilingana na nusu mbili au robo nne, mtoto huziona sehemu kabla hajajua kuziandika. Ushauri kwa wazalishaji wadogo hutolewa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973.

Mnunuzi naye, kabla ya kulipa, aombe boksi lifunguliwe na ajiulize swali moja: wimbo ukishazoeleka, mtoto atabaki na kazi gani ya kufanya?