Kagua Mbao Kabla ya Kulipa

Baada ya kuuza mavuno wengi wetu hununua mbao za kuezekea nyumba. Fedha ya jasho la mwaka mzima inatoka kwa siku moja. Lakini tukifika kwa mwuza mbao tunasema tu, "Nipe thelathini," naye anatupakilia anazotaka yeye. Sisi tuliwahi kufanya hivyo. Mbao zilikuwa mbichi. Baada ya miezi michache kenchi zikajisokota, misumari ikalegea, bati zikaanza kuvuja. Ilibidi tuezue upande mzima na kununua mbao upya.

Siku hizi tunachagua wenyewe, ubao mmoja mmoja. Kwanza tunanyanyua. Mbao za mpaini, kama zile za Sao Hill kule Mufindi, huwa nyepesi zikikauka. Kati ya mbao mbili za kipimo kimoja, ile nzito zaidi mara nyingi bado ina maji. Afadhali ikaukie kwa mwuzaji kuliko juu ya nyumba yako.

Halafu tazama kama umenyooka. Weka ncha moja chini, nyingine inyanyue mpaka karibu na uso. Fumba jicho moja, tazama ukingo kama mtu anayelenga bunduki. Ukiwa umepinda kidogo, fundi anaweza kuuweka mgongo ukiwa juu, na uzito wa bati utaukandamiza. Lakini uliojisokota kama kamba, uache. Haunyooki huo.

Angalia na vifundo, yaani pale matawi yalipoota. Kifundo kidogo kilichoshikamana vizuri, tena katikati ya ubao, si kibaya sana. Kibaya ni kile kikubwa kilicho ukingoni, au kilichozungukwa na duara jeusi. Hicho huchomoka kikaacha tundu, na ubao ukilemewa huvunjika hapo hapo.

Ufa mfupi wa mwishoni unakatwa kwa msumeno. Ufa mrefu uliotokeza pande zote mbili, usiununue ubao huo.

Je, kuna matundu madogo madogo? Gonga ubao. Ukimwaga unga mpya, bungua wangali ndani wanakula. Choma pia kwa ncha ya kisu; kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, ubao umeoza. Rangi ya bluu kwenye mpaini isikutishe mno, maana hiyo ni kuvu ya rangi tu na haipunguzi sana nguvu.

Mbao nyingi zilizotiwa dawa ya mchwa zina rangi ya kijani. Lakini wapo wajanja wanaopaka rangi juu juu! Mwombe mwuzaji akate ubao mmoja, kama futi moja kutoka mwisho. Dawa ya kweli utaiona imeingia ndani. Rangi ya ujanja iko juu tu kama ganda. Na vile vipande vya mbao za dawa vinavyobaki, mama nyumbani asivipikie. Moshi wake na majivu yake yana sumu.