Alex Scott, mtoto mgonjwa aliyeuza juisi ya limau kwa ajili ya watoto wengine

Mwezi wa Julai 2000, mtoto wa kike wa miaka 4 aliweka meza mbele ya nyumba yao, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, akauza juisi ya limau. Alipata zaidi ya dola 2,000.

Huko kwao ni mchezo wa kawaida. Joto likifika, watoto huuzia majirani juisi ili wapate pesa za pipi. Kwetu Goma au Bukavu, mtoto anayeuza maji barabarani mara nyingi anatafuta minerval. Alexandra Scott, ambaye wote walimwita Alex, alikuwa na sababu nyingine: pesa zote alitaka ziende kwa madaktari.

Alizaliwa Januari 1996. Siku mbili kabla ya kutimiza mwaka mmoja, madaktari walimkuta na nuroblastoma, saratani inayoanza kwenye chembe za neva na inayoshambulia zaidi watoto wadogo. Wazazi wake, Jay na Liz, waliambiwa kwamba hata akipona huenda asitembee. Alitembea, lakini uvimbe ulirudi. Siku moja baada ya kutimiza miaka 4 alipandikizwa chembe za damu, na akiwa bado hospitalini akamwambia mama yake kwamba akitoka atauza juisi, ili madaktari wasaidie watoto wengine kama walivyomsaidia yeye.

Watoto wengine. Hapo ndipo habari hii inanigusa. Sisi Wakongomani tunajua kuchanga. Mtu akilala hospitalini, jamaa wanachanga. Akifa, mtaa mzima unachanga kwa ajili ya kilio. Lakini mchango wetu una sura: tunamjua tunayemsaidia. Pesa ya utafiti inaenda kwa mtoto ambaye pengine hajazaliwa, na anayetoa hatamwona. Si jambo rahisi kumwomba mtu, na nadhani watu walimkubalia Alex kwa sababu aliyeomba alikuwa mgonjwa mwenyewe.

Aliendelea kila mwaka, huku hali yake ikizidi kuwa mbaya. Mwaka 2004 alisema anataka kufikisha dola milioni moja. Mwezi wa Juni watu waliweka meza za juisi katika majimbo yote ya Marekani, na lengo likafikiwa. Agosti 1 mwaka huohuo Alex alifariki, akiwa na miaka 8. Wazazi wake walianzisha shirika linalobeba jina lake, ambalo hadi sasa limekusanya zaidi ya dola milioni 250.

Je, utafiti unaleta nini? Saratani ya damu ya watoto inatoa jibu. Miaka ya 1950 karibu kila mtoto aliyeipata alikufa. Leo, katika nchi tajiri, aina yake inayopatikana zaidi inaponywa kwa watoto wapatao 9 kati ya 10. Dawa moja moja zilijaribiwa, zikachanganywa, kipimo kikarekebishwa, mwaka baada ya mwaka, na kila hatua ililipiwa na mtu.

Tatizo ni kwamba matunda hayo hayafiki kote. Shirika la Afya Duniani linasema watoto zaidi ya 80 kwa 100 wenye saratani wanapona katika nchi tajiri, lakini katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Hapa kwetu kuna saratani ya Burkitt, inayopatikana sana penye malaria nyingi. Taya la mtoto linavimba, wazazi wanadhani ni jino, wanapitia kwa huyu na yule, na wiki zinapita. Uvimbe huo unakua haraka mno, ingawa dawa zake zinajulikana tangu miaka ya 1960. Mtoto huyo hangoji uvumbuzi mpya, anangoja mtu wa kumfikisha hospitalini na kulipia dawa.

Nchini Marekani, kila Juni, meza za juisi bado zinawekwa. Wengi wa watoto wanaouza hawakuwa wamezaliwa Alex alipofariki.