Mtaji wa kitamaduni: mzigo ambao mtoto huenda nao shuleni bila kuonekana

Hapa Rungwe, ukitaja mtaji, watu wanafikiria fedha, shamba la chai, migomba au ng'ombe wa maziwa. Lakini upo mtaji mwingine ambao mtoto huingia nao darasani, nao haushikiki kwa mkono. Wataalamu wanauita mtaji wa kitamaduni.

Aliyeueneza ni Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa (1930–2002), mtoto wa kijijini ambaye baba yake alifanya kazi posta. Mwaka 1964, yeye na mwenzake Jean-Claude Passeron walichapisha kitabu kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Walitaka kujua kwa nini watoto wa wasomi hufanikiwa zaidi hata pale ambapo fedha si kikwazo. Jibu lao: shule hudai mambo ambayo yenyewe haiyafundishi. Namna ya kuzungumza, kuzoea vitabu, kujiamini mbele ya mwalimu. Hayo wengine wameyapata nyumbani, na shule huyahesabu kuwa ni akili.

Tuje Kisondela. Mtoto anaweza kuanza maisha kwa Kinyakyusa, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Pembeni yake amekaa mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mwalimu anauliza, mmoja ananyoosha mkono, mwingine anainamisha kichwa. Huyu wa pili huenda jibu analo, ila hana maneno ya kulitolea. Tena amelelewa asiropoke mbele ya wakubwa, na kwa maoni yetu malezi hayo hayana kasoro. Hata hivyo muhula ukiisha ataitwa mzito, na kibaya zaidi, ataanza kuamini.

Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Ni jambo kubwa. Pengo hili lingine halifutwi kwa waraka.

Angalia pia fomu ya machaguo ya kidato cha nne. Mwenye kaka aliyepita chuo anajua tahasusi ipi inapeleka kwenye uuguzi na ipi kwenye uhandisi. Asiye na mtu wa namna hiyo anaandika alichoandika jirani yake.

Wapo wanaompinga Bourdieu kidogo. Mwaka 2005 Tara Yosso wa Marekani alihoji: nani kasema nyumba za wanyonge hazina mtaji? Nasi tunaona ana hoja. Mtoto anayepeleka majani ya chai kwenye mizani anajua kilo, bei na makato. Hiyo ni hesabu kamili, ila ni mara chache inaulizwa ubaoni.

Mzazi ambaye hakusoma sana bado ana la kufanya. Mwambie mtoto jioni akueleze somo la leo kwa Kinyakyusa, na usimkatishe. Akiweza kulieleza, amelielewa, Kiingereza kitafuata. Mpe akusomee maelezo ya mfuko wa mbolea au karatasi ya malipo ya chai. Na kwenye kikao cha wazazi, baada ya michango kujadiliwa, uliza habari za tahasusi mapema, fomu ikiwa bado haijajazwa.