Mwaka Mashine Zilipoanza Kucheza Ngoma

Boti ya Baraka kwenda Uvira ilikuwa inasubiri abiria wajae. Mbele yangu, juu ya gunia la ndagala, aliketi mtoto wa miaka kumi hivi, ameinamia simu ya mama yake. Vigae vyeusi vilikuwa vinateremka kwenye kioo, naye anavigonga kimoja kimoja kabla havijatoweka. Nilimgusa bega nimwulize anacheza nini. Hakuinua kichwa.

"Baba, usinishike. Nitakosa."

Spika ya simu ilikuwa imekufa. Ulikuwa mchezo wa muziki usio na muziki: vidole vinapiga wimbo ambao masikio hayausikii. Nikamwacha, nikatazama rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba, na hesabu yangu ya zamani ikanirudia.

Vigae vile vina ukoo. Wazee wake ni masanduku makubwa yaliyokuwa yanameza sarafu za yen 100 katika kumbi za michezo za Japani, kuanzia mwaka 1997. Nimeufuatilia ukoo huo muda mrefu, nikisoma na kutazama video kila nipatapo chaji na mtandao, kwa sababu miaka yake ndiyo miaka yetu. Michezo ya mapigo ilizaliwa na kukua kati ya 1996 na 2001. Katika miaka hiyo hiyo, watu wa Fizi na Baraka, mashariki ya Kongo, tulikuwa tunakimbia vita: porini, ziwani, au kambini Tanzania. Na kila nikiusoma ukoo huo naona Wajapani walipita hatua kwa hatua katika vitenzi vitatu ambavyo bila hivyo ngoma kwetu haikamiliki: kuitikia, kupiga, kucheza.

Kuitikia kulitangulia. Tarehe 6 Desemba 1996, kampuni ya Sony ilitoa mchezo wa PlayStation uitwao PaRappa the Rapper. Aliyeubuni, Masaya Matsuura, alikuwa mwanamuziki kwanza, mmoja wa wawili waliounda kundi la PSY·S. Michoro ilikuwa ya Mmarekani Rodney Greenblat: mbwa bapa kama karatasi, mwenye kofia ya kufuma, na mwalimu wake wa kwanza ana kichwa cha kitunguu. Mwalimu anatamka mstari kwa mapigo, alama za vitufe zinapita juu ya kioo, kisha zamu ni yako kuurudisha mstari ule kwa wakati wake. Ukiurudisha vizuri kuliko ulivyopewa, ukatia mapigo yako mwenyewe yanayokaa ndani ya wimbo, daraja lako hupanda hadi la juu kabisa. Hapo mwalimu huondoka, akakuachia uwanja.

Aliyekulia kwenye ngoma anaitambua ile hali. Mwimbishaji hutoa, waitikiaji hurudisha, na siku moja mwitikiaji mmoja hurudisha kwa namna inayomfanya mwimbishaji anyamaze amsikilize. Desemba hiyo ya 1996 nilikuwa na miaka tisa, nipo Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa mwezi mmoja tu nyuma kwa ajili yetu tuliovuka ziwa. Mahema hayakutosha. Kiitikio kilitosha. Jioni shangazi yangu aliimbisha, nasi watoto tukaitikia tukipiga makopo matupu ya mafuta ya msaada. Kopo lililobonyea upande mmoja lilitoa sauti nene kuliko mengine, na tuligombea nani alishike.

Mchezo wa Matsuura ulichezwa sebuleni. Ili mapigo yatoke nje, yapate ukumbi na watu, ilibidi yaingie kwenye mashine ya sarafu, na Japani tayari ilikuwa na mazoea ya kulipa sarafu ili mtu awe mwanamuziki kwa dakika chache. Mwaka 1971 mpiga vinanda wa baa za Kobe, Daisuke Inoue, alitengeneza sanduku lililotoa muziki bila sauti ya mwimbaji. Ukitumbukiza yen 100 unaimba wewe. Leo dunia nzima inaliita karaoke. Vipande vingine vya ukoo huu vilikuwa vimezagaa huku na huko: mwaka 1978 Mmarekani Ralph Baer na wenzake walitoa kifaa cha Simon, cha rangi nne na sauti nne, kinachokutaka urudishe mfuatano uliousikia, na mwaka 1986 kampuni ya Bandai iliuza mkeka wa kukanyagia uliounganishwa na mashine ya Nintendo, kwa michezo ya mazoezi ya mwili. Mkeka ulikuwepo, sarafu ilikuwepo, zamu ya kuitikia ilikuwepo. Hakuna aliyekuwa ameviweka pamoja.

Kampuni ya Konami ilifanya hivyo Desemba 1997, kwa mashine iliyoitwa Beatmania. Simama mbele yake uone: vitufe vitano vimepangwa kama vya piano, vitatu vyeupe na viwili vyeusi, na pembeni kisahani cha kuzungusha mfano wa santuri ya dijei. Kwenye kioo vijistari vinateremka, kila kimoja katika njia yake. Kikigusa mstari wa chini, ndipo ubonyeze. Ndivyo vigae vya yule mtoto botini, miaka mingi kabla yake.

Lakini siri yake iko kwenye sauti. Katika Beatmania wimbo haupigwi wote na mashine. Kila kitufe kimebeba kipande chake: hapa pigo la ngoma, hapa mlio wa kinanda, hapa neno moja la mwimbaji. Ukibonyeza kwa wakati, kipande kinaingia mahali pake. Ukikosa, wimbo unabaki na tundu, na walio karibu wanalisikia. Ndiyo maana nasema hapo ndipo kitenzi cha kupiga kilipoingia kweli. Mtu hakuwa anajibu mtihani juu ya wimbo; wimbo ulikuwa unamtegemea. Mpiga ngoma ndogo katika kundi la ngoma tatu anaujua mzigo huo. Pigo lake ni dogo, ila akilala, ngoma kubwa nayo inayumba.

Beatmania ilipendwa hata Konami wakakipa kitengo chao cha michezo ya muziki jina la Bemani, kwa kulifupisha jina lake. Mwaka uliofuata ulileta Pop'n Music, yenye vitufe tisa vikubwa vya rangi, watu kadhaa wakiweza kugawana. Na mwaka huo huo wa 1998 ukaleta mashine ambayo nikipewa nafasi ya kuona moja tu kati ya hizi zote, ningechagua hiyo.

Dance Dance Revolution ni jukwaa la chuma lenye vishale vinne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Vishale vingine vinapanda kwenye kioo. Kikifika juu, unakanyaga mwenzake wa jukwaani. Chini ya kila kibao mna vihisio vinavyopokea uzito wa mguu. Mashine huchora picha 60 kwa sekunde moja, kwa hiyo inaweza kujua umewahi au umechelewa kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Nyuma ya mchezaji kuna upau wa chuma, na wachezaji wakali huushika ili mwili utulie na miguu ifanye kazi peke yake.

Kiswahili kina bahati hapa. Mtoto anacheza mpira, bibi harusi anacheza ngoma, na kitenzi ni kile kile. Waingereza wana maneno mawili, Wafaransa mawili, na Wajapani wenyewe mawili. Konami ilijenga mashine ambayo kwa lugha nyingi ilikuwa ajabu, mchezo ambao ni dansi, na kwetu ingeelezwa kwa neno moja tu. Tena tofauti na Beatmania, miguu haitoi sauti yoyote. Wimbo unaendelea hata ukisimama kama mlingoti. Hapo anayepiga ni mashine na anayecheza ni wewe, kama ngomani kulivyo na wapigaji upande mmoja na wachezaji katikati.

Na palipo na wachezaji katikati, pembeni pana watu. Hilo ndilo lililoibeba mashine ile hadi Marekani na Ulaya mwaka 1999. Mchezo mwingine wa ukumbini ulimpa mtazamaji mgongo wa mchezaji na kioo kidogo. Huu ulimpa mwili mzima wa mtu juu ya jukwaa lenye taa, na spika zilizosikika mpaka barabarani. Punde wachezaji wakagawanyika. Kuna waliotaka alama tupu, wameshika upau, macho kiooni. Kuna waliohifadhi vishale vyote kichwani ili wageuke, wakipe kioo kisogo na wawatazame watu, wapige magoti, wabonyeze kishale kwa mkono, huku hatua hata moja haipotei. Mashine haikuwa na alama kwa ajili ya hayo. Alama hizo walipewa na waliosimama kuwatazama.

Nikiwatazama hao kwenye video nakumbuka beni, ngoma ya mashindano iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaiga bendi za kijeshi na gwaride, ikawa na vyama hasimu vya Marini na Arinoti. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliibeba hadi bara, na ikafika mpaka Katanga. Beni nayo ilikuwa na hatua zilizokadiriwa, sare, kuhesabu, nidhamu ya mguu. Na nayo mshindi aliamuliwa na umati, kwa kelele zake na kwa pesa zake. Terence Ranger aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1975 aliona jambo ambalo watawala wengi wa wakati ule waliliona mzaha: watu waliochukua mtindo wa kigeni wenye vipimo vikali, wakautumia kuonyesha wao ni nani.

Mwaka 1999 michezo ilimiminika. GuitarFreaks ikaja na gitaa lenye vitufe vitatu shingoni. DrumMania ikaja na ngoma za kupiga kwa fimbo na pedali ya mguu, na mashine hizo mbili ziliweza kuunganishwa zipige wimbo mmoja. Korea Kusini ikatoa Pump It Up ya kampuni ya Andamiro, yenye vibao vitano, vinne pembeni na kimoja kati. Sega ikamaliza mwaka kwa Samba de Amigo, inayochezwa kwa manyanga mawili. Februari 2001 Namco ikaleta ngoma yenyewe: Taiko no Tatsujin, ngoma kubwa ya Kijapani na fimbo mbili. Alama nyekundu, piga katikati ya ngozi. Ya buluu, piga ukingo. Katikati husema "don," ukingo husema "ka," kwani Wajapani huifundisha ngoma kwa mdomo kabla ya mkono. Nilipolijua hilo nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Mzee aliyetufundisha kambini alikuwa hamruhusu mtoto kugusa kopo kabla hajalitamka pigo kwa ulimi mara kumi bila kuyumba.

Sasa upande wetu wa hesabu. Mwaka 1998 wa vishale vinne ndio mwaka ambao Agosti vita vya pili vya Kongo vilianza. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 watu waliuawa kwa mamia Makobola, katika wilaya yetu ya Fizi. Mwaka 2000 PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi, simu za mkononi zilikuwa zinasambaa duniani, na vyote hivyo vilihitaji kapasita ndogo za tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Bei ikapaa mwishoni mwa mwaka huo. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likachapisha ripoti iliyoeleza jinsi koltani ya Kivu ilivyochimbwa na kusafirishwa na majeshi na makundi yaliyokuwa yanaishikilia mashariki ya Kongo. Mashine za kumbini zilikuwa chache mno kuwa chanzo cha njaa hiyo ya koltani. Chanzo kilikuwa vifaa vya nyumbani na vya mfukoni, ambamo michezo hii ya mapigo ilihamia upesi. Siwalaumu vijana waliokuwa wanacheza. Nataka tu tarehe hizi zisomwe pamoja, kwa sababu ninaposoma historia za michezo hii huwa zimeandikwa kana kwamba vifaa vilijitengeneza kwa hewa.

Kuna jambo la umiliki pia, nalo linaniuma kwa namna nyingine. Inoue hakuisajili karaoke kama uvumbuzi wake. Wengine wakaitengeneza, ikaenea. Konami ilisajili. Mwaka 2005 ilifungua kesi Texas dhidi ya kampuni ya Roxor iliyotengeneza In the Groove, mchezo wa vishale vinne vile vile, na mwaka 2006 wakamaliza kwa makubaliano yaliyoipa Konami mchezo huo. Sheria ina haki yake, na kazi ya mhandisi inastahili malipo. Lakini hatua ya mguu kwa wakati wa ngoma, mbele ya watu, ilikuwa ya kila mtu kabla kampuni yoyote haijapewa cheti. Vigae vya simu vilivyotapakaa tangu miaka ya 2010 vimepatikana kwa sababu wazo la kitu kinachoshuka na kidole kinachokingoja lilishindikana kufungiwa.

Injini ya boti iliwaka kisha ikazimwa; abiria wawili walikuwa bado. Mtoto akakosa kigae, akaguna, akaanza upya. Akakosa pale pale. Nikainama nione. Vigae vilikuja viwili vya haraka, pengo, kimoja, pengo, viwili tena, na yeye alikuwa analirukia pengo kila mara kwa sababu jicho lilimwambia aharakishe.

Nikaanza kupiga ubao wa boti kwa kiganja: viwili, nyamaza, kimoja, nyamaza. Mama yake aliyekuwa amesinzia akafumbua macho, akaanza kulitamka pigo kwa ulimi bila kuambiwa. Mtoto hakutuangalia. Pale alipokuwa anakosa akapita, kidole kimetulia hewani kikingojea, kisha kikashuka.

"Endelea, baba," akasema. "Usiache."

Nikaendelea mpaka mwendeshaji alipong'oa kamba.