Nane si nyota, ni baki

"Mwalimu, hii namba yetu ina bahati?" Nimeulizwa Biharamulo mjini, nikaulizwa tena Nyakanazi. Namba yenyewe ni 323,486, idadi ya watu wa Wilaya ya Biharamulo katika sensa ya 2012. Muulizaji huwa ameshajumlisha tarakimu: 3, 2, 3, 4, 8 na 6 ni 26, 2 na 6 ni 8. Basi nane ndiyo nyota ya wilaya, na kuna mtu kamhakikishia kuwa mkeka wa kubeti wenye nane hauchaniki. Nimechoka kulijibu swali hilo kwa upole.

Hiyo nane ni baki. Gawa 323,486 kwa 9, utabakiwa na 8. Kujumlisha tarakimu ni njia ya mkato ya kulifikia baki hilohilo, kwa sababu 10, 100 na 1,000 zote zikigawanywa kwa 9 hubakiza 1. Katika kila namba tisa zinazofuatana, moja hutoa nane. Bahati iko wapi? Tena baki hilo limetokana na mazoea yetu ya kuhesabu kwa makumi. Tungehesabu kwa mafungu ya nane, watu walewale wangeandikwa 1167636, na mchezo huohuo wa tarakimu ungetupa baki la kugawa kwa 7, yaani 2. Hajazaliwa mtu, hajafa mtu, nyota imehama! Na yule anayejumlisha herufi za jina lako na la mama yako, kisha akatoa kumi na mbili kumi na mbili, naye anatafuta baki tu. Tofauti ni kwamba wewe unamlipa.

Ukitaka sifa ya kweli ya namba, tazama vigawo vyake. 323,486 ni 2 mara 161,743, na 161,743 ni namba tasa. Nimeigawa kwa namba tasa zote 79 kuanzia 2 hadi 401, kila mara ikabakiza. Hakuna haja ya kuendelea, maana tasa inayofuata, 409, ikizidishwa kwa yenyewe inaipita. Na jina "tasa" lisimtishe mtu: maana yake ni kwamba haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Majirani wa Ngara, 320,056 katika sensa hiyohiyo, ni 2 × 2 × 2 × 11 × 3,637.

Wenye daftari la duka, haya ndiyo ya kuchukua. Kujua kama namba inagawanyika kwa 3 au 9, jumlisha tarakimu. Kwa 11, anzia kulia, toa na kujumlisha kwa zamu: Ngara ni 6−5+0−0+2−3, sifuri, inagawanyika. Umezidisha magunia kwa bei? Fanya hesabu hiyo upya kwa mabaki ya 9. Jibu lisipolingana, umekosea. Likilingana usiridhike, kwani 54 na 45 hubakiza sawa. Rudia kwa 11.

Na atakayekuja kukuuzia namba ya bahati, kabla hujatoa shilingi, mpe 320,056 akutajie vigawo vyake vyote. Viko 16.