Mshikaki wa Kwenda Kliniki

Saa mbili asubuhi stendi ya Bomang'ombe, wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, makonda wanaitia Moshi upande mmoja wa barabara na Arusha upande wa pili. Aliyevunjika mkono anapanda, anakaa, anafika. Lakini mtu ambaye hajalala siku nne, anayebishana na watu asiowaona mwingine, hapandi hivyo. Anahitaji ndugu wawili wa kumkalia kushoto na kulia, nauli tatu badala ya moja, na konda mwenye subira. Konda akikataa, familia huita bodaboda: dereva mbele, mgonjwa katikati, kaka yake nyuma amemkumbatia kiunoni. Mshikaki. Hata kabla hajaonana na mhudumu yeyote, ugonjwa wa akili umeshaigharimu nyumba zaidi kuliko malaria.

Familia hiyo ikiishia kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, watu husema ni ujinga, ni ushirikina. Jibu hilo ni jepesi mno, na linawaonea wagonjwa. Imani ina nafasi yake, lakini mahali mtu anapokimbilia hutegemea sana mlango upi uko karibu, upo wazi saa ngapi, na ndani yake kuna nini.

Huduma za afya nchini zimejengwa kama ngazi. Chini ipo zahanati ya kijiji, halafu kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, ambayo kwa Hai ipo hapo hapo Bomang'ombe. Juu yake ni Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Moshi mjini, kisha KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Kileleni kwa magonjwa ya akili ipo Mirembe, Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka Bomang'ombe. Kwa mjamzito au mtoto mwenye homa, ngazi hii ina vidato vya chini imara, kwa sababu chanjo, kadi ya kliniki na kipimo cha malaria vimefika kijijini. Kwa mgonjwa wa akili vidato hivyo ni dhaifu. Mhudumu wa zahanati mara nyingi yuko peke yake na foleni ndefu, na mtu anayehitaji nusu saa ya kusikilizwa anapata dakika tano.

Umbo la ngazi hii lina historia. Mwaka 1896 wamisionari wa Kiprotestanti walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani huko Lutindi, katika milima ya Usambara, na muda si mrefu makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ilianza mwaka 1927, enzi ya Mwingereza. Nia ya wakoloni ilikuwa zaidi kumtenga mgonjwa na jamii kuliko kumtibu akiwa kwao, na matokeo yake yako midomoni mwetu hadi leo. Ukitaka kumdhalilisha mtu Tanzania unasema "ana faili Mirembe". Jina la hospitali likishakuwa tusi, mzazi gani atakimbilia kumpeleka binti yake huko, naye bado anatarajiwa kuolewa?

Mkoa wa Kilimanjaro una sababu ya pekee ya kukumbukwa hapa. Mwaka 1980 Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili, na mikoa miwili ikachaguliwa kwa majaribio: Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwa rahisi na la kijasiri kwa wakati ule. Wahudumu wa kawaida wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kumtambua mgonjwa wa akili na wa kifafa, dawa chache za msingi ziwekwe karibu naye, na hospitali kubwa zibaki kwa waliozidiwa. Ufadhili wa nje ulipokwisha, kasi ilipungua. Kilichobaki ni pamoja na waratibu wa afya ya akili wa mikoa na wilaya, ambao wengi wao ni wauguzi wanaobeba peke yao kazi ya watu kumi.

Tuchukue mama wa mfano kutoka Rundugai, tambarare ya chini kusini mwa Bomang'ombe. Kijana wake ameanza kujifungia ndani na kusema majirani wanamwekea sumu. Mchungaji anakaa umbali wa kutembea, anakuja jioni, hadai nauli, anamwita kijana kwa jina lake na kukaa na familia hadi usiku. Mganga wa kienyeji naye anasikiliza, anauliza habari za ukoo, anatoa sababu ya ugonjwa, na pengine anakubali kulipwa baada ya mavuno. Kule hospitalini mama anaweza kupanga foleni tangu alfajiri, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa dirishani, "Mama, hii imeisha, mkanunue nje." Kwa sera ya nchi, matibabu ya akili katika vituo vya umma ni ya bure. Lakini dawa isipokuwepo mama atainunua dukani, na mwezi unaofuata ataamua kati ya vidonge na unga.

Lugha yenyewe haiwatenganishi watoa huduma hawa. Anayeongoza afya ya wilaya ni Mganga Mkuu wa Wilaya, na mwenye tunguri naye ni mganga. Mama anayewapitia wote wawili wiki moja haoni kwamba amejipinga. Tangu mwaka 2002 ipo sheria inayotambua na kusimamia tiba asili na tiba mbadala, na wahudumu wenye busara huuliza bila hasira: mmeshapita wapi? Swali hilo likiulizwa kwa heshima, mgonjwa hurudi.

Mwaka 2011 taifa zima lilionyeshwa jinsi watu wanavyokimbilia mlango ulio wazi. Maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Dawa ile haikuthibitika kutibu, na wapo walioacha vidonge vyao wakaumia. Lakini bei ilikuwa moja kwa wote na ilijulikana kabla ya safari, na hakuna aliyeambiwa arudi wiki ijayo na karatasi nyingine.

Wapo pia wasiokimbilia popote. Wilayani Hai kwenyewe, watafiti walipita vijiji sita mwaka 2009 na 2010 wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi. Walikuta takribani 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Majumbani, hali hiyo huitwa uzee. Bibi anayepotea njia ndani ya kihamba (shamba la nyumbani) alichokilima miaka hamsini hapelekwi popote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiambia familia kwamba huo ni ugonjwa wenye jina, na kwamba wao wanaomwuguza wanaweza kusaidiwa.

Sheria nayo ni sehemu ya mfumo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyekunywa sumu ya mazao, aliye katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake, anaweza kufikishwa hospitalini na ndugu wanaosema kwa woga kwamba alidhani ni maji. Daktari anatibu tumbo, na huzuni inarudi naye nyumbani. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba.

Kijana wa mfano wetu, akibahatika, ataandikiwa sindano ya kila mwezi. Safari ya kwanza Moshi haikwepeki. Lakini sindano ya pili na ya kumi hazihitaji bingwa, zinahitaji muuguzi aliyefundishwa, kabati lenye dawa na tarehe inayoeleweka. Mama analo daftari la shule lililogeuzwa cheti cha hospitali, kona zimejikunja, amelifunga kwenye mfuko wa plastiki lisilowe. Mwishoni mwa ukurasa muuguzi ameandika tarehe ya kurudi. Mama anataka kujua kama siku hiyo itabidi wapande tena bodaboda watatu, au kama sindano itakuwepo zahanati ya kijijini kwao.